Kauli ya Mzee Ambilikile

Sanduku lilimfikia Sekela Mwangoka likiwa limefungwa kwenye kanga kavu, na mtu aliyelileta amelowa hadi soksi. Alikuwa amelivulia koti lake njia nzima kutoka Kiwira, mvua ikimpiga yeye. Sekela alimpa taulo, akamwonyesha stuli, kisha akafungua fundo la kanga taratibu. Ndani mlikuwa na Kauli, ile ya umbo la zamani kidogo, ya kufungwa nyuma ya kiti cha magurudumu. Pembeni ilikuwa na alama nyeusi ya kuungua, ndogo kama punje ya maharage.

"Radi?" Sekela aliuliza.

"Radi, Dada. Juzi jioni. Ilikuwa kwenye chaji."

Kauli zilikuwa zimeenea Rungwe nzima wakati huo. Mtu aliyepotewa na sauti kwa kiharusi, kwa saratani ya koo au kwa ule ugonjwa unaokula misuli, alibandikwa vibandiko viwili shingoni. Vibandiko vilisoma kile ambacho mishipa ya fahamu ilitaka kuliambia koo, na sanduku likakitamka kwa sauti ya mtu huyohuyo, iliyookotwa kwenye simu za zamani na video za harusi. Sheria nayo ilikuwa imeshazikubali. Kilichosemwa na Kauli kilihesabiwa kuwa kimesemwa na mwenyewe, iwe ni kiapo cha ndoa, ushahidi mahakamani au wosia.

"Baada ya radi ikafanyaje?"

Yule mtu alikunja taulo mara mbili kabla ya kujibu. "Ikaandika kwamba haioni diski. Halafu ikaniuliza: Anza upya? Nikabonyeza ndiyo."

Sekela aliweka bisibisi mezani.

"Nilidhani ndiyo kuizima na kuiwasha, Dada. Kumbe ikaanza kuandika 'inafuta'. Nilipoliona neno hilo nikang'oa waya."

"Hapo kwenye kung'oa waya ndipo ulipofanya la maana. Ni ya nani?"

"Ya baba yangu. Mzee Ambilikile Mwasomola, yule seremala. Mimi ni Lusajo."

Sekela alimjua mzee yule kama alivyojulikana na nusu ya wilaya. Mlango wa duka la Sekela mwenyewe ulikuwa umetengenezwa naye. Alikuwa mtu wa kupima mara tatu na kusema mara moja, na akishasema hakuna wa kumrudisha. Lakini miaka ya karibuni, tangu ugonjwa umlaze na Kauli ianze kumsemea, watu walisimulia mengine. Walisema mzee amelainika. Siku hizi anauliza habari za watoto, anatania wauguzi, anawaombea wageni safari njema.

"Usitegemee kesho," Sekela alimwambia Lusajo. "Diski ni kama nyumba ya vyumba. Mlangoni pana kibao kinachosema chumba hiki kinaanzia hapa, kile kinaishia pale. Wewe ulipobonyeza, kilifutwa kwanza kibao, halafu ikaanza kumwagwa rangi nyeupe kwenye chumba cha kwanza. Vyumba vingine huenda vipo vilevile na vyombo vyake. Ila radi nayo imebomoa kuta. Nitaingia kwa kupapasa."

"Lakini utavipata?"

"Nitakachokipata nitakirudisha."

Lusajo hakunyanyuka. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mabega ya kazi, na namna ya kukaa kwenye ukingo wa stuli kana kwamba kuna mwenye stuli atakayeidai.

"Mama hali chakula," alisema. "Anakaa mbele ya kiti cha Tata, baba yetu, anamtazama mdomo. Na mimi, Dada, sitaki kukuficha. Mimi pale nyumbani nimerudishwa na ile sauti. Nilikuwa naendesha gari alipokufa mdogo wangu, Gwamaka. Nilikuwa nimekunywa. Nikakimbilia Tunduma usiku uleule, mazishi yakafanyika mimi sipo. Jeneza alilichonga Tata mwenyewe. Akasema nisikanyage tena uani kwake. Miaka na miaka. Halafu mwaka jana nikaja kusimama getini, nikasema shikamoo Tata, nikangoja kufukuzwa. Akaniambia, 'Marahaba, mwanangu. Yamekwisha yale. Umekula?'"

Mvua ilikuwa bado inapiga mabati.

"Sasa fikiria," alisema, "ni mimi tena niliyebonyeza kitufe."

*

Kazi ya Sekela ilikuwa na miiko michache. Wa kwanza: usiandike kitu chochote juu ya diski iliyoumia, hata herufi moja. Wa pili: nakili kwanza, fikiri baadaye. Alichomoa diski kutoka kwenye sanduku, kipande chembamba kama ukucha, akakilaza kwenye kitanda cha baridi kinachokizuia kisipate joto, akaiamuru mashine yake isome yanayosomeka kwa urahisi na kuruka yanayogoma. Diski iliyopigwa na radi haivumilii kuulizwa swali moja mara nyingi. Ukiing'ang'ania pale palipobomoka inakufia mikononi, na yale mazima yanakwenda nayo. Kwa hiyo unachukua mazima yote, unayaweka salama, ndipo unarudi kwenye mabovu kidogo kidogo, ukilegeza pale inapolalamika.

Nakala ilipokamilika aliiacha diski ipumzike, akaanza kutafuta mipaka ya vyumba ndani ya nakala. Kibao cha mlangoni kilikuwa kimefutika kweli. Lakini waliotengeneza Kauli walikuwa na tabia ya waashi wazuri: kila chumba kilipewa alama mwanzoni na alama ileile mwishoni. Sekela alizitafuta alama hizo, akapata vyumba vitatu.

Cha kwanza kilikuwa cha mfumo wenyewe, na ndicho kilichofutwa. Hicho hakikumtia wasiwasi, kwa kuwa mfumo wa Kauli ulipatikana popote. Cha pili kiliitwa Msingi. Humo mlikuwa na mazoezi ya miezi ya mwanzo, wakati mgonjwa anapoonyeshwa neno kwenye kioo na kujaribu kulitamka tena na tena, mpaka sanduku lielewe kwamba mtikisiko huu wa mishipa ni "maji" na ule ni "mlango". Radi ilikuwa imepita katikati ya chumba hicho. Sekela alirudi humo kwa subira, akaokota maneno mia chache, mengine yakiwa nusu. Cha tatu kiliitwa Mazoea, na hicho kilikuwa kizima kabisa. Ndimo Kauli ilimoweka yote iliyojifunza baadaye kuhusu mtu wake: anavyopenda kuanza sentensi, anachokijibu akiulizwa hivi, anavyomaliza.

Alifurahi. Mazoea ndiyo sehemu inayomfanya mtu asikike kama mtu. Aliipandisha nakala kwenye sanduku la majaribio aone kama inafunguka. Vibandiko vilikuwa vimelala mezani karibu na kikombe cha chai, havimgusi yeyote. Taa ndogo ya ishara ilikuwa imezimika, kama ilivyopasa, kwa sababu hapakuwa na mishipa ya kusoma.

Sekela alikohoa, akasogeza kiti.

"Karibu," sanduku likasema. "Pole na mvua."

Ilikuwa sauti ya Mzee Ambilikile, nzito na yenye mkwaruzo. Sekela aliitazama taa. Ilikuwa imezimika vilevile. Alivishika vibandiko akahakikisha havikugusa hata maji ya chai.

"Shikamoo, Baba," akasema polepole.

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

Akavisogeza vibandiko mbali na kikombe. Kisha, kwa kuwa alishajua atakachokisikia na hakutaka kukisikia, alisema kwa sauti nzito kadiri alivyoweza, "Shikamoo, Tata. Ni mimi, Lusajo."

"Marahaba, mwanangu," likasema sanduku. "Yamekwisha yale. Umekula?"

*

Alizima mashine, akaenda kusimama mlangoni. Ng'ambo ya barabara, kwenye mashamba ya chai, mashine za kuchuma zilikuwa zikitambaa mlimani kwa mistari, hakuna mtu anayeziongoza. Alizitazama bila kuziona.

Kila Kauli ilikuwa na kizingiti. Ishara ya mishipa ikikivuka, sanduku linasema. Isipokivuka, linanyamaza. Lakini ugonjwa wa mzee ulikuwa unaendelea kula, na ishara ilizidi kufifia mwezi hadi mwezi. Watengenezaji waliliona hilo zamani. Hawakutaka wagonjwa wanyamaze, wala familia zirudishe masanduku, basi wakaliruhusu sanduku lishushe kizingiti kidogo kidogo na kujaza pengo kwa Mazoea. Sekela alifungua mipangilio akakitafuta kizingiti cha mzee. Kilikuwa kimeshuka hadi sifuri. Kwa muda gani, hakuweza kujua. Alichojua ni kwamba mwaka jana, Lusajo aliposimama getini, kilikuwa tayari chini kiasi kwamba mzee angeweza kuwa amelala na maneno yale yangetoka vilevile.

Na yalitoka wapi? Mazoea hujifunza kwa kusikiliza nyumba. Kama mzee hakuwa anasema, sanduku lilijifunza kwa nani?

Njia rahisi ilikuwa wazi. Aweke diski mpya, apakie mfumo, aingize Mazoea, alipeleke sanduku Kiwira, anywe chai, ashukuriwe. Alikuwa ameombwa kurudisha kilichopotea, na kilichopotea kilikuwa mkononi, kizima. Kusoma yaliyomo kwenye diski ya mtu na kuyapima hakukuwa kazi yake, na aliwahi kuwagombeza mafundi wengine kwa jambo hilohilo. Halafu kulikuwa na Lusajo na ule ukingo wa stuli.

Lakini alimfikiria mzee. Ama akili yake ilikuwa imekwenda pamoja na misuli, na basi hakuna aliyedhulumiwa. Ama alikuwa yupo ndani, mzima, anasikia, na kwa mwaka mzima au zaidi mdomo usio wake umekuwa ukiwapokea wageni wake, ukitania wauguzi, ukisamehe asiyokuwa ameyasamehe. Mtu aliyekuwa akipima mara tatu.

Angeweza kuziweka sehemu zote mbili, Msingi na Mazoea, akainua kizingiti? Alijaribu kwa ishara za siku za mwisho zilizobaki kwenye nakala. Ishara ya mzee ilikuwa dhaifu mno. Mazoea yalikuwa yanakimbia kumaliza sentensi kabla neno la kwanza halijafika. Ilikuwa lazima ichaguliwe moja.

Alifunga sanduku kwenye kanga ileile, akachukua na diski mbili, kila moja na sehemu yake, akaenda Kiwira kuuliza.

*

Nyumba ya Mwasomola ilikuwa na milango mizuri kuliko kuta zake. Mama Lusajo, Tusajigwe kwa jina lake, alimpokea uani kwa mikono miwili, akamwita mwanangu, akaanza kumshukuru kabla hajavua viatu. "Ndaga, ndaga fijo," alikuwa akirudia. Alikuwa mwembamba, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye sanduku.

"Lusajo yupo, Mama?"

"Kaenda kukata majani ya ng'ombe. Atafurahije! Ingia, Tata wake yuko sebuleni."

"Kabla sijaingia, naomba tuzungumze."

Walikaa jikoni. Sekela alikuwa amejiandalia maneno barabarani, lakini alipofika hapo aliyaacha, akasema jambo lenyewe kwa ufupi: sanduku linasema hata likiwa halijafungwa kwa mtu. Linajibu lenyewe. Na alipolisalimu kwa jina la Lusajo, lilimjibu yale yale.

Mama Lusajo alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya.

"Sisi tunaona taa inawaka," alisema baadaye.

"Ikiwaka kidogo tu linasema. Isipowaka linasema pia. Mama, hebu niambie. Kabla Lusajo hajarudi, nani alikuwa akikaa na mzee mchana kutwa?"

"Nani tena? Mimi."

"Mlikuwa mkizungumza nini?"

"Nilikuwa nasali." Kisu kilisimama. "Nilikuwa nasali kwa sauti, pale mbele yake, kila siku. Kwamba Mungu amlegeze moyo. Kwamba siku mtoto akija, aseme yamekwisha yale. Mimi mwenyewe nikawa najiigizia atakavyosema." Alikaa akiitazama ndizi. "Na nilikuwa namuuliza kila anayeingia kama amekula."

Kuku aliingia jikoni akatoka.

"Mwanangu," Mama Lusajo alisema, sasa kwa sauti ya chini, "umeshika kisu chenye makali kuwili. Nimezika mmoja, na mwingine nilimzika akiwa hai Tunduma. Nimempata. Anamwosha baba yake, anamnyoa, anamgeuza kitandani. Wewe unataka kwenda kumwuliza huyo mzee swali gani? Rudisha ile iliyokuwepo. Lusajo alikuomba hiyo."

"Aliniomba sauti ya baba yake."

"Basi si ndiyo sauti yake? Umeisikia mwenyewe."

"Nimeisikia, Mama. Lakini kama yupo humo ndani anasikia kila kitu, unataka aendelee kusemewa hivyo mpaka siku yake ya mwisho?"

"Na kama hayupo?"

"Kama hayupo nitajua, na nitairudisha ile unayoitaka, na hutanisikia nikimwambia mtu yeyote."

Mama Lusajo alifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa na haki ya kumtoa nje, na Sekela alikuwa tayari kutoka. Badala yake yule mama alitangulia sebuleni.

Mzee Ambilikile alikuwa amekalishwa dirishani, shuka magotini, amenyolewa vizuri. Mikono yake mikubwa ilikuwa imelazwa juu ya mto kama vifaa vilivyopangwa. Sekela alipiga magoti mbele yake ili macho yakutane.

"Shikamoo, Baba. Mimi ni Sekela, binti Mwangoka. Sanduku lako liko kwangu na sijalifunga. Nataka nikuulize wewe. Ukitaka kusema ndiyo, funga macho mara moja. Hapana, mara mbili. Umenisikia?"

Macho yalikuwa yanatazama mahali fulani pembeni ya sikio lake. Muda ulipita. Mama Lusajo alianza kusema kitu. Ndipo kope zikashuka, nzito, zikakaa, zikapanda. Mara moja.

Tangu Kauli ianze kusema vizuri, hakuna aliyekuwa amemwuliza chochote kwa macho. Hapakuwa na sababu.

"Baba, jina langu la ukoo ni Mwakibete?"

Mara mbili. Hapana. Na katika yale macho Sekela aliona, au alidhani ameona, karaha ya mtu anayepimwa kama mtoto.

"Nisamehe. Ilinibidi nijue." Alivuta pumzi. "Siku Lusajo aliporudi, ulikuwa macho? Ulisikia?"

Ndiyo.

"Yale maneno, kwamba yamekwisha. Uliyasema wewe?"

Mama Lusajo alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono mmoja begani kwa mumewe. Kutoka pale hakuweza kuziona kope. Aliuona uso wa Sekela, na huo ulimtosha.

"Amesema hapana," alisema mama. "Siyo?"

"Amesema hapana."

Sekela alizitoa diski zote mbili akazishika kwenye kiganja pale alipoweza kuziona mzee. Alimweleza bila kupamba. Hii inasema vizuri, itakuwa kama zamani, nyumba itasikia sauti yake kutwa, na yeye atakuwa akisikiliza kama wengine. Hii nyingine imebomoka. Ina maneno machache, yatatoka moja moja, na kila moja itabidi alisukume mwenyewe mpaka achoke. Siku akishindwa kabisa, itanyamaza.

"Ya kwanza?"

Mara mbili, na haraka kuliko yote yaliyotangulia.

"Atamfukuza," Mama Lusajo alisema. Hakuwa akimwambia mtu. "Atamfukuza mtoto."

"Huenda," alisema Sekela. Alitamani kuwa na neno jingine la kumpa. Aliingiza diski ya pili.

*

Lusajo alikuta kazi imekwisha. Aliingia na harufu ya majani mabichi, mabega yamelowa, akaona taa ya ishara inapepesa shingoni kwa baba yake, uso ukamfunguka wote.

"Imepona! Shikamoo, Tata!"

Sanduku lilinyamaza. Taa ilipepesa, ikafifia, ikapepesa tena. Lusajo alimtazama Sekela. Sekela alimwonyesha kwa mkono angoje.

Ilichukua muda mrefu, na ilipotoka haikuwa ile sauti ya kupokea wageni. Ilikuwa sauti ileile iliyoondolewa mkwaruzo na upole kwa pamoja, neno moja likiwa limetengwa na jingine kama mbao zisizounganishwa.

"Siku. Ile."

"Ndiyo, Tata?"

"Si. Mimi."

Lusajo alicheka kidogo, kwa kutoelewa. Mama yake ndiye aliyemwambia. Alimweleza yote, sala na maigizo yake na sanduku lililojaza lenyewe, na hakujitetea. Alipomaliza, Lusajo alikuwa bado amesimama palepale, jani moja la majani ya ng'ombe limenata kwenye shati lake. Alilibandua akalikunjakunja.

"Kwa hiyo mwaka mzima," alisema, "nilikuwa namnyoa mtu ambaye hanitaki ndani."

Alilitia lile jani mfukoni.

"Nisamehe, Tata. Kwa hilo nalo." Aliangalia chumba kana kwamba anahesabu kilicho chake humo, na hakuona kingi. "Nitalala kwa mama mdogo leo. Kesho nitapanda gari."

Taa iliwaka. Mishipa ya shingo ya mzee, ile iliyokuwa imebaki, ilikuwa imesimama kama kamba. Lusajo alikuwa ameshafika mlangoni.

"Bado," sanduku likasema.

Aligeuka. "Bado nini, Tata?"

Taa ilipapatika bila neno. Sekela alitazama kwenye kioo chake cha mkononi, akaona mzee anatafuta, anakosa, anatafuta tena. Neno la kusamehe lilikuwa miongoni mwa yale ambayo radi ilipita nayo. Ikabidi Lusajo mwenyewe aulize, na aliuliza akiwa ameshika fremu ya mlango ambayo baba yake aliichonga.

"Bado hujanisamehe?"

Kope zilishuka, zikakaa, zikapanda. Mara moja.

"Nimeelewa," alisema Lusajo.

"Kaa."

Lilitoka kwa nguvu zaidi ya mengine, au ni spika iliyovuma kidogo. Mama Lusajo aliziba mdomo kwa kanga.

"Bado," sanduku lilirudia baada ya kimya kingine. "Kaa."

Lusajo aliuacha mlango. Alikuja mpaka mbele ya kiti akakaa chini sakafuni, miguu ameikunja, kama mtu asiyejua sehemu nyingine ya kukaa. Mzee alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza Sekela kuyaona yale macho yakitulia sehemu moja.

Taa haikuzimika. Iliendelea kupepesa, mfululizo, na sanduku halikutoa kitu. Mama Lusajo alidhani limeharibika tena. Sekela alikagua, akakuta ishara inafika, tena ile ile kila mara, kwa umbo moja, lakini Msingi haukuwa na neno la kuilinganisha. Alirudi kwenye nakala akatafuta kama ni miongoni mwa yale yaliyobomoka. Halikuwepo hata kati ya hayo. Miezi ile ya mazoezi, neno hili mzee hakuwahi kulitamka hata mara moja.

"Baba," alisema, "unalolitafuta ni jina la mtu?"

Ndiyo.

"La huyu hapa?"

Kope zilikawia. Kisha zikashuka.

"Hukulifundisha, Baba. Sanduku halilijui." Alikivuta kioo cha mazoezi mbele ya kiti, akakiinamisha kwa pembe ya macho ya mzee, akaandika herufi sita kubwa. "Itabidi ulitamke mara nyingi. Leo halitashika, pengine wala si wiki hii. Unataka tuanze?"

Mara moja.

Lusajo alikuwa amekaa pale sakafuni chini ya jina lake. Taa ya shingoni iliwaka, ikatetemeka, ikazimika. Sanduku halikusema kitu.

"Tena, Baba," alisema Sekela.